Kikomo Nilichokiweka Bwawani

Kasulu,
Kigoma.

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Mwanao ni mzima, mikono na miguu yote ipo mahali pake, na nimelitanguliza hilo kwa sababu najua ndilo unalouliza wiki zote hizi. Wewe je, hujambo? Goti la kushoto bado linakuuma ukiinuka kwenye mswala? Na ile miwani mpya imekukaa, au umerudia ya zamani iliyofungwa uzi? Huku tumo ndani ya mvua, asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta, na nguo hazikauki hata ukizianika siku mbili. Nimezoea. Hata ugali wao wa muhogo nimeuzoea, ingawa Mama haamini.

Mama ameniambia una hasira. Anasema kila nikipiga simu tunaongea sisi wawili, halafu yeye anakupigia kelele sikioni maneno matatu, na hayo matatu hayaungani. Amekwambia "bwawa", amekwambia "polisi", amekwambia "Mwanaidi hajambo", ukabaki na hayo. Una haki ya kukasirika. Mashine za katani zimeyala masikio yako, lakini macho yako bado yanasoma kutushinda sote, na jambo lenyewe linamhusu mtu aliyekaa miaka mbele ya geji ya boila. Halifai kupigiwa kelele. Barua anakuletea Bi Rukia, mke wa mwenye nyumba wangu, ambaye anakuja Tanga kwenye harusi ya mpwa wake. Soma polepole, usimruhusu Mama akuharakishe.

Bwawa ninalolitunza liko njia ya kwenda Kibondo, kama dakika arobaini kwa bodaboda kutoka hapa Kasulu. Ni bwawa la udongo, yaani tuta kubwa lililoshindiliwa kati ya vilima viwili kuzuia mto, ili watu wa bondeni wamwagilie mpunga. Chini ya tuta kuna kitongoji cha nyumba kama sitini. Sasa, udongo wa tuta hunywa maji, na hiyo ni kawaida. Ukinywa kupita kiasi ndipo unapolegea, tuta linaondoka na kila kilicho chini yake. Kwa hiyo ndani ya tuta vimezikwa vipima vitatu, kimoja kushoto, kimoja katikati, kimoja kulia, vinavyopima shinikizo la maji yaliyojificha kwenye udongo. Nyaya zake zinakuja mpaka kwenye kijumba cha mlinzi, ndani ya kisanduku tunachokiita loga. Kila dakika loga inasoma kila kipima na kuandika namba, kwa mita za maji. Ichukulie kama geji yako ya boila iliyopewa karani asiyelala.

Kazi yangu ni kuiwekea loga vikomo. Kikomo cha kwanza ni cha tahadhari. Namba ikifika hapo, ujumbe unaingia kwenye simu yangu, ya injinia na ya mwenyekiti wa kitongoji. Kikomo cha pili ni cha hatari. Namba ikifika hapo, king'ora kinalia juu ya nguzo na watu wote wa bondeni wanapanda kilimani, kwenye uwanja wa kanisa. Ukiweka kikomo chini mno, king'ora kitalia kila wingu likipita. Ukikiweka juu mno, kitalia maji yakiwa yameshafika mlangoni. Namba yenyewe ya hatari nilipewa na waliolichora bwawa, na hiyo sikuigusa. Lakini kuna jambo moja waliniachia mimi: namba ikae juu ya kikomo kwa muda gani ndipo king'ora kilie. Niliacha sifuri. Niliona ni uhodari, kwamba hata dakika moja isipotee.

Radi za huku, Baba, si kama za kwetu. Wingu likiwa jeusi watu wanazima simu, wanaingia ndani na kukaa kimya. Jumatano moja, saa nane mchana, radi ilipiga mti ng'ambo ya bwawa. Umeme kidogo ukapita kwenye waya wa kipima cha kulia, namba ikaruka juu mara moja, kama sindano ya geji iliyogongwa kwa kidole. Dakika iliyofuata ilikuwa imesharudi chini. Ilikuwa kipimo kimoja tu, cha uongo. Loga ikafanya kama nilivyoiagiza. King'ora kikalia.

Mimi nilikuwa Kasulu kwa fundi wa betri. Nilifika nimelowa chapachapa, nikawakuta watu wote kilimani, kina mama na watoto na mbuzi, wanatetemeka huku radi zikiendelea kupiga, wanangoja maji yasiyokuja. Walisimama hapo kwa muda wa karibu saa mbili kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwaambia washuke. Nilishuka mwenyewe hadi kwenye loga, nikasoma rekodi, nikaona ile namba moja iliyoruka. Nilirudi kuwaambia ni salama. Walianza kushuka mmoja mmoja, wananipita kama wanavyopita kisiki.

Kwenye njia ya kupandia alikuwa ameanguka Bibi Savera. Ni mjane, umri wake umepita sabini, na nyumba yake ndiyo ya kwanza kabisa chini ya tuta, upande wa kushoto. Ametokana na zile familia zilizokuja kutoka Burundi zamani na sasa ni raia. Anaishi na Oliva, mke wa mwanawe, na wajukuu. Alivunjika mkono. Alipelekwa hospitali ya misheni Kabanga wakamfunga plasta.

Kesho yake nikaitwa kituoni. Hiyo ndiyo "polisi" ya Mama. Kuna mtu alikuwa amesema tumewatisha watu makusudi ili wahame bonde na ardhi yao ichukuliwe. Nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima, nikaandikisha maelezo, nikaeleza habari za radi na waya kwa askari aliyekuwa ananitazama kama mganga aliyeshindwa. Waliniachia mchana. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Bukuru, alikuwepo. Hakunishitaki wala hakunitetea.

Injinia wangu anaitwa Kihwelo, anakaa Kibondo. Si mtu mbaya, nataka uelewe hivyo kabla sijaendelea. Alikuja, akakaa kwenye kijumba cha mlinzi, akachukua kalamu na kuandika namba mpya ya kikomo cha hatari. Ilikuwa mita moja na nusu juu ya ile ya wachoraji.

"Weka hii," alisema.

Nilimwambia kosa halikuwa kwenye kikomo, lilikuwa kwenye muda wa kusubiri. Alisema analijua hilo, lakini watu wa bondeni hawalijui. Kikilia bure mara ya pili hakuna atakayekisikia tena, alisema, kwa hiyo heri kilie mara moja na kiwe kweli. Na Baba, maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Niliingiza namba yake huku ananitazama.

Siku mbili sikula vizuri. Bi Rukia alidhani nina malaria. Nilikuwa nakukumbuka wewe, ule mwaka uliokataa kuwasha boila kwa sababu valvu ya usalama ilikuwa imefungwa waya, msimamizi akakurudisha nyumbani siku tatu. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ulivyokaa barazani mchana kweupe huku wenzio wote wako kazini. Siku ya tatu asubuhi nilipanda bodaboda mpaka bwawani, nikarudisha kikomo cha wachoraji. Nikaweka muda wa kusubiri dakika tano, ili namba moja ya uongo isiwakimbize watu. Halafu nikaongeza sharti la pili, kwamba king'ora kilie pale tu vipima viwili vitakapokubaliana. Niliona hapo nimeziba kila tundu. Niliandika kwenye daftari, nikamtumia injinia ujumbe kumweleza nilichofanya.

Jibu lake lilikuja jioni. "Kikilia bure tena usinitafute. Tafuta basi la Tanga."

Jumapili hiyo nilichukua sukari na sabuni nikaenda kumwona Bibi Savera. Nilimkuta amekaa mlangoni, mkono kwenye plasta, anamenya muhogo kwa mkono mmoja huku ameubana kwa nyayo. Nilimwamkia kwa Kiha changu kibovu, mwakeye, akaitikia bila kuinua macho. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba mashine haikukosea, nilikosea mimi.

Alimenya muhogo mzima ndipo akasema, akiniita mwanangu kwa lugha yake. "Mwana wanje, mimi nimekimbia mara mbili. Ya kwanza nilikuwa msichana, mdogo wangu yuko mgongoni. Ya pili nilikuwa na watoto wanne, nikafika na watatu. Waliponipa karatasi ya uraia nikasema, miguu yangu imestaafu. Sasa umekuja wewe kunikimbiza ya tatu, na nyuma yangu hakukuwa na kitu."

Nikakaa pale chini. Baadaye aliongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kikilia tena hatatoka. Oliva alikuwa anapepeta mchele nyuma yetu, akaacha kupepeta.

Alhamisi iliyofuata, mchana, nilikuwa bwawani nikifunga waya mpya wa kuzuia radi. Nikamwona Bibi Savera anapanda tuta, polepole, anapumzika kila hatua kumi. Alisema amekuja kukiona hicho kinachokimbiza watu. Yohana, mlinzi, alimpa kigoda. Nilimfungulia loga, nikamwonyesha namba tatu, nikamweleza zinatoka wapi. Hajui kusoma lakini alisikiliza kuliko wageni wote waliowahi kuletwa pale. Akataka nimwonyeshe vipima vilipozikwa. Tukatembea juu ya tuta nikawa namnyooshea kidole: hiki cha kulia, hiki cha katikati, na cha kushoto ni hapa.

Akatazama chini upande wa kushoto, kwenye mguu wa tuta, ambapo kuna kijichemchemi anacholowekea muhogo wake. Miaka yote maji yanatoka hapo kidogokidogo, safi. Niliwahi kuyaona na kuyaandika kwenye daftari kuwa ni ya kawaida.

"Yale maji yangu yameharibika," alisema. "Tangu juzi yanatoka kama ya kuoshea mchele. Nimehamisha muhogo."

Baba, maji safi yakitoka kwenye mguu wa tuta ni tuta linatoa jasho. Maji meupe yamebeba udongo, na udongo huo unatoka tumboni mwa tuta. Nilishuka pale mbiombio nikachota kwa kiganja. Yalikuwa meupe. Nikapanda tena kwenye loga nikafungua rekodi za siku tano. Kipima cha kushoto kilikuwa kinapanda, taratibu, kila siku kidogo, bado chini ya tahadhari. Cha katikati na cha kulia vilikuwa vimetulia kabisa. Vimetulia kwa sababu tundu halikuwa upande wao. Na mimi nilikuwa nimeiamuru loga isiseme neno mpaka vipima viwili vikubaliane. Kama tuta lingefumuka upande wa kushoto, kipima kile kingepiga kelele peke yake na loga ingenyamaza mpaka mwisho, kwa sharti nililoliweka mimi huku nikijisifu.

Nililifuta sharti hilo palepale, Bibi Savera akiwa amesimama mlangoni. Nilikosea kubonyeza mara mbili. Aliniuliza kama maji yake yamenitisha. Nilimjibu ndiyo.

Nilimpigia injinia. Alisikiliza, akasema atakuja asubuhi na mafundi waone. Nikamwomba ruhusa ya kufungua valvu kubwa ili maji ya bwawa yapungue. Alikataa. Mpunga ulikuwa umetoka tu kupandikizwa, na valvu ile ikifunguliwa yote, maji yanang'oa miche ya kitongoji kizima. Baada ya yale yaliyotokea, alisema, hawezi kuwaharibia watu shamba kwa sababu ya maji ya kulowekea muhogo. Nililala kwa Yohana na mkewe, kwenye nyumba yao juu ya kilima, na mvua ilinyesha mpaka kulipokucha.

Saa moja asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu yangu, na ya Mzee Bukuru, na ya injinia huko aliko. Kipima cha kushoto kimefika tahadhari. Injinia akapiga. Alikuwa njiani, gari limezama kwenye tope kabla ya Murungu, vijana wanalisukuma. Aliniambia nisubiri, nisifungue kitu mpaka afike. Nikamwambia namba bado inapanda. Mtandao ukakatika, na sijui mpaka leo kama alilisikia hilo la mwisho.

Nilimwita Yohana tukaenda kwenye valvu. Ni gurudumu la chuma kubwa, linataka watu wawili wenye nguvu, na mimi unanijua. Lilikuwa limeshika kutu. Tulikuwa tumelizungusha robo tu Mzee Bukuru alipofika akiwa na mwavuli, anauliza kama nimetumwa kuangamiza mpunga wa watu. Nilimwambia aende kwanza kwenye loga aitazame namba, asimame hapo dakika tano, kisha arudi aniambie nifunge. Alikwenda. Aliporudi aliuweka mwavuli chini kwenye matope, akashika gurudumu pamoja nasi. Tulilifungua mpaka mwisho. Maji yalitoka kwa kishindo nikaona mistari ya miche ya kijani inalala na kufutika, moja baada ya nyingine, jasho la wiki nzima la kila mama aliyekuwa amesimama mlangoni kwake akitutazama.

Saa tatu kasorobo namba ikafika kikomo cha hatari. Nilisimama mbele ya loga nahesabu. Dakika ya kwanza, juu ya kikomo. Ya pili, juu. Ya tatu, juu. Ya nne ikashuka, chini ya kikomo kwa upana wa ukucha, na loga ikarudi kuhesabu kutoka mwanzo. Pembeni ya loga kuna kitufe chekundu cha kuliza king'ora kwa mkono. Nilikitazama. Nikibonyeza na lisitokee kitu, basi la Tanga, sawa, hilo nilikuwa nimeshalikubali. Lakini na watu wale wasingekisikia tena king'ora kile maisha yao yote, hata siku ya kweli. Labda valvu ilikuwa imeanza kusaidia. Labda ile dakika ya nne ndiyo ilikuwa ya kweli na tatu za mwanzo zilikuwa wasiwasi tu. Namba ikapanda tena juu ya kikomo, ikashuka tena.

Yohana alinipigia kelele kutoka chini. Maji ya kwenye chemchemi yamekuwa ya kahawia, alisema, kama chai ya rangi.

Nikabonyeza.

King'ora kile kinasikika mpaka barabarani. Nilitoka nje kutazama bondeni. Hakuna aliyekimbia. Watu walitoka wakasimama chini ya makuti na mabati yao, wamekunja mikono, wanatazama juu kwetu. Mwanamume mmoja alikuwa anakunywa chai na akaendelea kunywa. Mzee Bukuru alikuwa anateremka akiwapungia mikono wapande, wengine wakawa wanacheka. Sijawahi kujisikia mdogo kama nilivyojisikia juu ya lile tuta.

Ndipo mlango wa nyumba ya kwanza ukafunguliwa. Bibi Savera akatoka, kanga shingoni imebeba mkono wenye plasta. Akamtanguliza Oliva na wajukuu. Akafunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo kifuani. Kisha akaanza kupanda njia ya kilimani, hatua zake zilezile za kupumzika kila baada ya kumi, hakutazama nyuma. Alipita mbele ya nyumba ya pili, wakamtazama. Wa nyumba ya pili wakachukua watoto wakamfuata. Ya tatu ikafuata. Yule wa chai akaweka kikombe chini. Baada ya muda njia nzima ilikuwa watu, kimya, wanakwenda kwa mwendo wa yule bibi kwa sababu njia ni nyembamba na hakuna aliyetaka kumpita.

Nilibaki na loga mpaka Yohana aliponivuta mkono. Tulikuwa tumeshafika upande wa kilima tuliposikia. Haukuwa mlio mkubwa kama nilivyodhani. Ulikuwa kama gunia la mahindi linaloangushwa sakafuni. Upande wa kushoto wa tuta ulikaa chini, maji yakapita juu yake. Valvu ilikuwa imetoa maji mengi tangu asubuhi, kwa hiyo hayakuwa bwawa zima, lakini yalitosha. Yalichukua mashamba yote ya upande ule, nyumba nne, mbuzi na kuku. Nyumba ya Bibi Savera ilibaki kuta mbili. Mzee Bukuru alihesabu watu kwenye uwanja wa kanisa mara tatu. Walitimia wote. Mara ya tatu alipomaliza kuhesabu alikaa chini kwenye nyasi zilizolowa akajifunika uso kwa kofia.

Injinia Kihwelo alifika kwa miguu, tope mpaka magotini. Alisimama akatazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kikomo kilikuwa ngapi. Nikamtajia namba ya wachoraji. Akasema aliniagiza nipandishe. Nikasema nilikirudisha na nilimjulisha. Tulikwenda kwenye kijumba, ambacho kilikuwa kimesalia upande wa pili, tukafungua rekodi pamoja. Loga yenyewe ingeliza king'ora dakika kumi na mbili baada ya mkono wangu. Nilifikiria mwendo wa Bibi Savera kwenye ile njia, na zile dakika kumi na mbili.

"Na kwa namba yangu mimi," aliuliza, "kingelia saa ngapi?"

Nilifuata mstari mpaka mwisho wake. Waya ulikatika kabla namba haijafika pale. "Kisingelia," nikamwambia.

Baadaye akaniambia niandike hivyohivyo kwenye ripoti, namba yake na jina lake, na yeye akatia saini chini. Nimekwambia si mtu mbaya.

Bibi Savera nilimkuta amekaa kwenye jiwe nyuma ya kanisa, anaangalia ulipokuwa mpunga wake. Nilimuuliza mbona alitoka, ilhali alikuwa amesema hatatoka.

"Sikukimbia," alisema. "Nimetembea." Halafu akasema jana aliuona uso wangu nilipochota yale maji, na uso ule anaujua. Aliwahi kuuona kwa watu wawili tu, na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Sasa ndiyo habari yenyewe, Baba. Sijafukuzwa, wala polisi hawanitafuti. Nilikuahidi kuja mwezi huu na sitaweza, nisamehe. Tuta linajengwa upya, na kipima cha nne kimeshazikwa kwenye mguu wa kushoto, pale alipopaonyesha bibi. Vikomo navipanga tena, safari hii kila namba nimeisoma mbele ya mkutano wa kitongoji na kueleza kwa nini ni hiyo. Walinibana maswali mpaka nikakauka koo. Wenye nyumba nne wanakaa kwa ndugu zao, na watu wamechangiana miche mipya kutoka mabonde ya jirani. Kuna mama mmoja hasemi nami mpaka leo kwa sababu ya mpunga wake. Namwelewa.

Mkutano huohuo uliomba wakisikie king'ora siku ambayo hakuna kitu, mchana, watu wametulia. Tulifanya Jumamosi. Bibi Savera aliomba abonyeze yeye. Plasta imeshatolewa, mkono umepinda kidogo. Alibonyeza, akaenda kukaa kwenye kigoda cha Yohana, akainyoosha miguu yake mbele, akasikiliza. Watoto waliziba masikio. Yeye alikaa tu, anatazama vidole vya miguu yake, mpaka kikanyamaza chenyewe. Kukawa kimya bonde zima.

Kisha akaniomba nikilize tena.

Bi Rukia anakuletea maharage ya njano ya huku, kilo tano, na asali chupa mbili. Moja ni ya Mama, asiigawe yote. Nisalimie dada yangu mkubwa na mumewe, mwambie sweta aliyonifumia ndiyo ninayoivaa ninapoandika. Nisalimie shangazi wa Pangani akija, na mjomba fundi cherehani, na mdogo wangu wa mwisho, aambiwe hesabu anazozikimbia ndizo zinazonilisha. Majirani wa barazani wote wape salamu, na yule rafiki yako wa boila mwambie namuombea afya.

Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, hata mistari minne.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mwanaidi